Wanaolalamikia sura mpya ya simu hawaogopi mabadiliko

Agosti 2025 watu wengi wenye simu za Android waliamka wakakuta sehemu ya kupigia simu imegeuka sura. Vitufe vimenenepa na kuviringika, majina hayapo pale yalipokuwa, na simu ikiingia haipokelewi tena kwa kusukuma kidole juu. Hapa Tanga neno la kwanza kusambaa kwenye magrupu ya WhatsApp lilikuwa kwamba simu zimedukuliwa. La pili lilikuja baada ya siku chache, kutoka kwa wajuzi wa mambo: watu wetu hawapendi mabadiliko, waacheni, watazoea. Mwezi uliofuata Apple nayo ikatoa iOS 26, mfumo mpya wa simu zake za iPhone, yenye sura ya kioo kinachoonyesha kilicho nyuma yake, iliyobatizwa Liquid Glass. Kelele zikawa nyingi zaidi, na jibu likawa lile lile. Mimi naona jibu hilo limekosea ugonjwa. Wanaolalamika, kuanzia muuza samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga hadi msanifu wa programu wa California, hawagombani na upya. Wanagombana na kampuni inayojipa mamlaka ya kuhamisha kitu ambacho mkono wa mtu umeshakijua, kwa siku inayoitaka yenyewe, halafu gharama ya kujifunza upya ikamwachia mwenye simu.

Tuanze na kilichotokea, maana hata hicho kilieleweka vibaya. Mfumo wenyewe wa simu, kwa wengi wetu, haukubadilika. Mei 2025 Google ilitangaza mtindo mpya wa usanifu iliouita Material 3 Expressive, uende sambamba na Android 16, na programu za kampuni hiyo ziuvae moja baada ya nyingine. Programu ya kupigia simu ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia. Programu hiyo haimo kwenye simu za Google peke yake: Xiaomi, OPPO, realme na wengine, katika simu nyingi wanazouza, waliacha miaka kadhaa iliyopita kuweka programu zao za kupigia, wakaweka ya Google. Kwa hiyo mtu mwenye simu ya bei ya kati, yenye Android ya zamani, simu ambayo haitaiona Android 16 maisha yake yote, aliletewa sura mpya kupitia Play Store, pengine usiku, simu iko kwenye chaji na apdeti zinajishusha zenyewe. Samsung ina programu yake ya kupigia, basi wenye Samsung wakabaki wanashangaa jirani analia nini. Nyumba moja, simu mbili za Android, moja imegeuka na nyingine iko vile vile. Hapo wazo la kudukuliwa si ujinga hata kidogo. Ni hitimisho la mtu anayefikiri sawasawa ambaye hakupewa taarifa.

Tazama basi ni nini hasa kilichohamishwa. Zamani chini ya kioo kulikuwa na vipendwa, simu za karibuni na majina, kila kimoja mahali pake. Vipendwa na simu za karibuni vikaunganishwa kwenye ukurasa mmoja, majina yakasukumwa ndani ya menyu ya pembeni. Orodha ya simu, ambayo ilikuwa inakusanya simu za mtu mmoja kwenye mstari mmoja na kukuandikia idadi kwenye mabano, ikaanza kuipa kila simu mstari wake. Kwa msanifu aliyeko ofisini hilo ni dogo. Kwa nchi inayobipiana ni kubwa. Bip moja ni salamu, au ni "nimefika salama". Bip tatu mfululizo ni "nipigie sasa hivi, sina salio, kuna jambo". Ile tatu kwenye mabano ilikuwa ujumbe kamili uliosomeka kwa kutupa jicho. Sasa inabidi uhesabu mistari, na katikati yake amejipenyeza mtu mwingine aliyekupigia kukuuliza habari za mchango wa harusi.

Na kupokea kwenyewe. Asubuhi moja sokoni Deep Sea nilimwona mama mmoja anapara samaki, mikono imejaa magamba na maji ya chumvi, simu kaiegemeza kwenye ndoo. Mtu wa aina hii hapokei simu kwa ncha ya kidole. Anapokea kwa kifundo cha kidole cha mwisho, ambacho ndicho kikavu: anasukuma juu, anainamia, anaongea, kisu bado kiko mkononi. Siku hiyo alisukuma juu, kitufe kikachezacheza kikarudi pale pale. Akasukuma tena. "Simu yaita, pa kupokelea sipaoni," akasema, na ikakatika. Aliyepiga alikuwa mteja wake wa Korogwe, anayetaka kujua kama kuna changu wa kutosha kabla gari halijaondoka. Sura mpya ilitaka atelezeshe pembeni, ama aguse tu, kutegemea mpangilio uliochaguliwa. Uchaguzi huo upo, tuseme kweli, ila umewekwa ndani ya mipangilio ya programu, na anayeufikia ni yule anayejua tayari kwamba kuna kitu cha kuchagua.

Sura mpya, kwa upande mwingine, ina jambo moja imelipatia ambalo sijaona mtu akilisifu. Vitufe vya namba, ambavyo vilikuwa vimejificha nyuma ya alama inayoelea kwenye kona, sasa vina mahali pao pa kudumu chini ya kioo. Huko kwa wenzetu hilo ni la urembo, maana namba hazibonyezwi sana siku hizi. Hapa vitufe hivyo ndiyo benki. Anayepiga *150*00# kutuma M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money anaingia hapo mara nyingi kwa siku kuliko anavyoingia kwenye majina. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kilichobadilishwa kimeharibika. Baadhi ya vitu vimekuwa bora, na mtu anayeanza leo kutumia simu janja pengine atajifunza hii mpya upesi kuliko wewe ulivyojifunza ile ya zamani.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya upande wa Google, na inastahili kusikilizwa. Kampuni ilieleza kwamba mtindo huo ulipitia tafiti 46 zenye washiriki zaidi ya 18,000, na kwamba katika sura mpya watu waliviona vitufe muhimu kwa kasi iliyofika hadi mara nne ya ile ya zamani. Kuhusu kupokea kwa kutelezesha pembeni, maelezo yalikuwa kwamba watu walikuwa wanapokea au kukata simu bila kukusudia wakati wa kuichomoa mfukoni. Sina sababu ya kubisha. Kitufe kikubwa chenye rangi kinaonekana haraka, na nani kati yetu hajawahi kumpokea bosi kwa bahati mbaya akiwa ndani ya daladala? Ninachohoji ni kipimo. Kasi ya kukiona kitufe inampima mtu anayetafuta. Mtu aliyepokea simu kwa namna moja kwa miaka sita hatafuti chochote. Jicho lake liko kwenye samaki, kwenye mizani, kwa mtoto anayevuka barabara, na mkono unakwenda wenyewe. Ukimweka mtu huyo kwenye chumba cha utafiti ukamwambia "onyesha kitufe cha kupokea", ataonyesha haraka na utaandika kwamba sura mpya imefaulu. Ukimwacha sokoni utaona jambo jingine kabisa, na majibu yote mawili yatakuwa ya kweli.

Watu wa Tanga hatuhitaji utafiti kulielewa hili. Ngamiani ina barabara za namba. Mtu akikwambia mkutane barabara ya 12 huulizi iko upande gani, miguu inajua. Tuchukulie kwamba afisa mmoja wa mipango miji, kwa nia njema na ramani safi mkononi, ameamua usiku mmoja kuanza kuhesabu kutoka upande wa pili, kwa sababu hesabu ikianzia huko mgeni anayeshuka stendi ataelewa upesi zaidi. Inawezekana kabisa mgeni angeelewa upesi zaidi. Lakini kesho yake mji mzima ungepotea, mzigo ungeshushwa duka silo, mgonjwa angefuatwa nyumba siyo. Na hakuna mtu ambaye angewaambia wakazi wa Ngamiani kwamba tatizo lao ni kuogopa maendeleo. Mpangilio wa zamani hauna utukufu wowote ndani yake. Thamani yake yote iko vichwani na miguuni mwa wanaoutumia, na thamani hiyo haionekani kwenye ramani ya afisa.

Kampuni za simu za hapa nchini, pamoja na lawama zao zote za vifurushi, zinaonekana kulijua hili kuliko wakubwa wa California. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na menyu yake ni maandishi matupu yasiyo na rangi wala picha. Lakini "chagua 4, Lipa kwa M-Pesa" imechapishwa kwenye ankara, imebandikwa kwenye kuta za maduka, imeandikwa kwa mkono kwenye maboksi ya kaunta. Kuna watu wazima ambao kusoma kunawapa tabu na bado wanamaliza muamala peke yao, kwa sababu wamekariri mfuatano wa namba kama mtu anavyokariri aya. Siku ile namba 4 ikigeuzwa kuwa 5, mabango yote hayo yatakuwa yanamdanganya mteja, na mtu yule itabidi ampe mwingine simu yake amfanyie. Na akimpa mwingine simu, mara nyingi anampa na namba ya siri. Mabadiliko ya sura hayaishii kwenye sura.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotamkwa kwa kujiamini zaidi: kwamba watu hulalamika kila mara, halafu huzoea, na kuzoea kwao ni ushahidi kwamba hakukuwa na tatizo. Mfano unaotolewa siku zote ni iOS 7 ya mwaka 2013, Apple ilipofuta vile vitufe vilivyofanana na ngozi, mbao na karatasi ikaweka rangi bapa. Watu walipiga kelele, wakanyamaza. Kinachoachwa katika simulizi hiyo ni kwamba Apple haikukaa tu kungoja wanyamaze. Watu walisema ile michezo ya kusogea kwa picha inawatia kizunguzungu, na ndani ya wiki chache mpangilio wa kuipunguza ukapanuliwa. Mapema 2014 ikaja nafasi ya kurudishia vitufe maumbo yake ili vionekane ni vitufe. Watu hawakuzoea iOS 7 ile ya siku ya kwanza. Walizoea iOS 7 iliyorekebishwa kwa kelele zao. Microsoft ilipoondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8 mwaka 2012 iliambiwa vivyo hivyo kwamba watu watazoea. Mwaka mmoja baadaye Windows 8.1 ikakirudisha kitufe, na mwaka 2015 Windows 10 ikairudisha menyu yenyewe. Na Liquid Glass? Haikumaliza miezi miwili. Novemba 2025, katika toleo la 26.1, Apple iliongeza chaguo la kukitia kile kioo rangi ili kisipitishe sana kilicho nyuma. Hizo ni kampuni zenye watafiti wengi kuliko walimu wa wilaya nzima, na mara tatu zimelazimika kurudi nyuma hatua kadhaa. Anayesema kelele hazina maana hajafuatilia.

Ipo sura nyingine ya hoja hiyo, ya dharau zaidi, kwamba wanaoshindwa ni wazee na wasiosoma. Liquid Glass imeizika hiyo. Waliopaza sauti kwanza walikuwa wasanifu na watumiaji wa siku nyingi wa iPhone, watu wanaojua kila mpangilio ulipo. Nielsen Norman Group, taasisi ya Marekani inayoheshimika kwa masuala ya urahisi wa matumizi, iliandika kuikosoa waziwazi: maandishi juu ya picha, vitufe vinavyofifia kwenye mandhari, mienendo isiyo na kazi. Kiwango cha W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na herufi nyeupe juu ya kioo kinachoonyesha picha ya ufukwe haiwezi kukuahidi uwiano wowote, maana inategemea umeweka picha gani. Hiyo ni ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Toka nayo saa saba mchana Raskazone, jua limesimama na bahari inalirudisha usoni, uone kama utasoma ujumbe. Wenye iPhone XR, ambazo mjini hapa zimejaa, wamenusurika kwa sababu ya kuchekesha: iOS 26 inaanzia iPhone 11, basi simu zao zimeachwa nje kwa uzee, na kwa mara ya kwanza wanaonewa wivu.

Kuna gharama ambayo haiandikwi popote, nayo ndiyo inayonifanya nilione jambo hili ni zito kuliko urembo. Kila kitufe kikihamishwa, kuna mtu anayekwenda kufundisha upya. Katika familia zetu mtu huyo ni binti wa sekondari, mjukuu, shemeji aliyeko Dar anayeelekeza kwa simu ile ile isiyopokeleka. Kazi hiyo hailipwi, na kampuni haiioni kwenye tafiti zake. Asiyekuwa na binti wala shemeji anakwenda kwa fundi. Nimemsikia fundi wa Ngamiani akimwambia mteja aliyemfikia na wasiwasi: "Mama, shikamoo, hii si virusi, ni apdeti tu, naitoa." Akafungua Play Store, akaondoa masasisho ya programu ya simu ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, akazima apdeti za moja kwa moja, akapokea buku mbili zake. Mteja aliondoka ameridhika. Fundi alifanya alichoombwa, na simu ile sasa iko hatarini zaidi kuliko asubuhi.

Maana apdeti hizo ndizo zinazobeba pia viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia wezi. Tumekuwa tukiwaambia watu kwa miaka wasasishe programu zao ili wezi wa mtandaoni wasipate mlango, katika nchi ambayo simu ni pochi. Kisha kampuni inafunga kiraka cha usalama na sura mpya katika furushi moja, huwezi kumeza hiki bila kile. Mtu aliyeumizwa na sura anajifunza somo moja tu: apdeti ni adui. Hatachagua kati ya apdeti ya kitufe na apdeti ya usalama, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kwamba ni vitu viwili. Atazima zote. Mwakani benki yake itamtumia ujumbe asasishe programu kwa sababu kuna tundu limegundulika, naye ataupuuza kwa akili timamu kabisa, akikumbuka yaliyompata mara ya mwisho.

Watetezi watasema kwamba haiwezekani kutunza sura mbili milele. Kila sura ya zamani inahitaji wahandisi wa kuijaribu, kuitafsiri, kuirekebisha. Ni kweli, na sidai milele. Lakini muda wa mpito unawezekana, na umeshafanyika. Samsung katika One UI 7, toleo la sura ya simu zake la mwaka huo huo wa 2025, ilitenganisha paneli ya arifa na ile ya mipangilio ya haraka: ukivuta kutoka kulia unapata hii, ukivuta kwingine unapata ile. Wengi hawakuipenda. Ila ndani ya paneli yenyewe paliwekwa chaguo la kuziunganisha tena kama zamani, mtu akabonyeza, maisha yakaendelea na viraka vya usalama vikaendelea kuingia. Google nayo, kwa kuweka uchaguzi wa namna ya kupokea, ilikiri kwamba watu hawafanani. Ikakosea kwa kulifanya jipya ndilo la kuanzia kwa watu waliokwisha kuwa na la zamani. Mpya kwa mwenye simu mpya, zamani kwa mwenye simu ya zamani mpaka aamue mwenyewe: mpangilio huo hauhitaji mhandisi wa ziada hata mmoja.

Nani wa kuyasema haya akasikilizwa? Mteja mmoja wa Makorora hana namba ya kupiga California. Lakini Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, soko lao kubwa ni Afrika. Walijijengea jina kwa laini mbili na kamera zinazojua ngozi nyeusi, mambo ambayo wengine waliyapuuza. Wanaamua wenyewe programu gani iwe ya kupigia simu, ianze na mpangilio upi, na arifa ya mabadiliko iandikwe kwa lugha gani. Waagizaji na wauzaji wa simu wana nafasi ya kuwauliza, wakati wa kuagiza, kama viraka vya usalama vitakuja bila sura mpya. Na kabla ya kunyoosha vidole nje, benki zetu na taasisi zinazotengeneza programu za wananchi ziweke utaratibu wao: mahali pa kutuma, kutoa na kulipa pasihamishwe bila ujumbe wa Kiswahili wiki kadhaa kabla, na bila kitufe kinachoonekana, ukurasa wa kwanza, cha kubaki na mpangilio wa zamani kwa angalau miezi sita.